Sponji wa Ziwa Tanganyika na Dawa Tunazozitafuta Baharini

Mwaka 1870 David Livingstone alikwama Bambarre, katika nchi ya Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kilichomkwamisha ni miguu. Vidonda vilimla nyayo zote mbili. Mtu aliyezoea kuvuka nchi nzima kwa mwendo wa miguu akakaa kibandani siku zipatazo 80. Kilichompa nafuu hakikutoka kwenye sanduku lake la dawa za Uingereza. Kilikuwa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, ambalo lilisagwa kwa maji juu ya jiwe jingine kisha likapakwa kidondani kwa unyoya. Nchi ya malakiti ni Katanga, kulekule ambako Wanyamwezi na Wasumbwa walikwenda kufuata shaba, na ambako Msiri, mtoto wa Usumbwa, alijijengea ufalme wake.

Leo tunajua kwa nini dawa ile ilifaa. Shaba huharibu utando wa bakteria na kuvuruga protini zake, na mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikubali kusajili aloi za shaba kuwa vitu vinavyoua bakteria. Wabeba mizigo wa barabara ya kati ya misafara hawakuhitaji kusubiri usajili huo.

Nimeanza na kidonda kwa sababu barabara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji huwa inasimuliwa kwa pembe za ndovu, watumwa, bunduki na shanga. Ilikuwa pia barabara ya bakteria. Msafara ulichukua miezi mitatu hivi kutoka pwani hadi Unyanyembe, na Tabora palikuwa mahali pa kupumzika, kugawanya mizigo na kusubiri njia ifunguke, hasa miaka ya vita vya mtemi Mirambo. Watu wengi, maji machache, nyumba za tembe zilizolaliwa na wageni usiku baada ya usiku. Kuhara damu na donda ndugu vilimaliza watu njiani. Homa ya papasi nayo ilikaa kwenye vibanda vya misafara. Mwaka 1905 Robert Koch, akiwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, alionyesha kwamba papasi ndiye anayebeba bakteria wa homa hiyo, mwaka uleule ambao watafiti Dutton na Todd waliligundua jambo hilohilo upande wa Kongo. Dutton mwenyewe alifia Kasongo, katika njia ya misafara ya Manyema.

Homa ya papasi ikaja kutibika kwa penisilini na tetrasaiklini, donda ndugu pia likapungua makali. Kwa takriban miaka 80 tumeishi tukiamini kwamba ugomvi wetu na bakteria umekwisha. Haukuisha. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu kwa dawa, na kwamba vifo vilivyohusiana na usugu huo vilikaribia milioni 5. Eneo lililoumia zaidi kwa uwiano wa watu wake ni Afrika kusini mwa Sahara, hasa magharibi yake. Tanzania ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu tangu 2017. Hata hivyo, mgonjwa wa Sikonge au Kaliua mwenye kidonda kilichooza bado anaanzia duka la dawa muhimu, ananunua vidonge kulingana na fedha aliyonayo, na anapofika hospitali ya mkoa, Kitete, dawa tatu za kwanza huenda zimeshapoteza nguvu kwa bakteria aliyembeba.

Ndiyo maana wanasayansi wanazamia baharini kutafuta viuavijasumu vipya, na mnyama wanayemtafuta kuliko wengine ni sponji. Ninaipenda kazi hiyo na ninaamini inafaa. Lakini nina hoja moja: somo kubwa ambalo sponji wa bahari ametufundisha linatuelekeza ndani ya bara pia, hadi mwisho wa barabara ya misafara, kwenye sponji wa Ziwa Tanganyika na kwenye miyombo ya Tabora. Na tusipolipokea somo hilo sisi wenyewe, litafanyiwa kazi na wengine kwa sampuli zetu.

Tumtazame kwanza mnyama huyu. Sponji hana mdomo, hana moyo, hana mishipa ya fahamu, na hawezi kukimbia. Ameshikamana na mwamba maisha yake yote, akivuta maji kwa vitundu vidogo, akichuja chakula na kuyatoa maji hayo juu. Sponji wa kilo moja huweza kupitisha maelfu ya lita kwa siku, na chakula chake kikubwa ni bakteria. Jamii yake imeishi hivyo kwa zaidi ya miaka milioni 500. Kiumbe anayenyonya bahari nzima ya vijidudu mwilini mwake, na asiyeweza kuhama adui anapomwotea juu, lazima awe na silaha ya kemikali. Hiyo ndiyo fikra iliyowapeleka wakemia kwake.

Aliyefungua mlango ni Werner Bergmann, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale. Katika sponji wa pwani ya Florida, Tethya crypta, alikuta viambato vinavyofanana na vijenzi vya DNA lakini vyenye sukari isiyo ya kawaida, akavichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa kuiga umbo hilo, wakemia walitengeneza sitarabini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1969 na ambayo hadi leo ni nguzo ya tiba ya saratani ya damu, na baadaye vidarabini, dawa ya virusi. Miaka ya 1980 Wajapani Hirata na Uemura walitoa halikondrini B kutoka kwa sponji mwingine, na dawa iliyoundwa kwa kufuata molekuli hiyo, eribulini, iliruhusiwa mwaka 2010 kwa saratani ya matiti.

Msomaji makini ameshaona kasoro: saratani, virusi, saratani. Dawa ya bakteria iko wapi? Haipo. Baada ya miongo saba ya kukamua sponji, na mamia ya molekuli zilizoonyesha kuua bakteria katika maabara, hakuna hata moja iliyofika duka la dawa kama kiuavijasumu. Jambo hili husemwa kwa sauti ndogo katika maombi ya fedha za utafiti, na nadhani lisemwe waziwazi, maana sababu zake ndizo zinazotuonyesha njia.

Sababu ya kwanza ni kipimo chenyewe. Mtafiti huloweka sponji katika methanoli, huchukua kilichoyeyuka, hutia tone kwenye kikaratasi cha duara na kukiweka juu ya agari iliyopandwa bakteria. Kesho yake akikuta duara tupu kuzunguka karatasi, anafurahi. Ila duara tupu hupatikana pia kwa klorini na kwa chumvi nyingi. Kinachotafutwa ni kitu kinachomuua bakteria na kumwacha mgonjwa, na silaha nyingi za sponji hazichagui. Manoalide, iliyotolewa kwa sponji wa Palau na kutangazwa mwaka 1980, ilianza na sifa ya kuua bakteria. Baadaye ikaonekana kuwa inazuia kimeng'enya cha uvimbe, ikafuatwa kama dawa ya uvimbe hadi majaribio ya binadamu, na ikaishia njiani. Tena, nyingi ya molekuli hizi huwaweza bakteria wenye utando mmoja tu, kama Staphylococcus, na hushindwa kwa akina Klebsiella na E. coli, ambao wana utando wa pili wa nje na pampu za kutapika sumu. Hao wa pili ndio wanaotisha katika wodi za watoto wachanga.

Sababu ya pili ni wingi. Wajapani walihitaji kilo 600 za sponji kupata miligramu 12.5 za halikondrini B. Ukitaka kutibu hospitali moja kwa mwaka utamaliza miamba ya pwani yote. Saratani imepata dawa kwa sababu kampuni zilikubali gharama ya kuunda molekuli hizo upya, hatua baada ya hatua, maana dawa ya saratani huuzwa ghali. Kiuavijasumu kizuri hutumiwa siku saba na kuwekwa akiba. Kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha kiuavijasumu chake kipya, plazomisini, Juni 2018. Kufikia Aprili 2019 ilikuwa imefilisika.

Sababu ya tatu ndiyo iliyobadilisha mambo. Kwa muda mrefu wakemia walishangaa kwamba molekuli za sponji fulani zinafanana mno na zile za bakteria wa udongoni. Wengine wakashuku kuwa sponji si mtengenezaji. Katika sponji wengi wa bahari bakteria wanaoishi ndani ya nyama huweza kufikia theluthi ya uzito wa mnyama au zaidi. Mwaka 2014 kundi la Jörn Piel lilionyesha kwamba karibu molekuli zote mashuhuri za Theonella swinhoei, sponji wa Japani, zinatengenezwa na bakteria aitwaye Entotheonella anayeishi ndani yake. Sponji ni kama nyumba ya tembe: sifa tulimpa mwenye nyumba, na ufundi ulikuwa wa wapangaji.

Tafsiri ya ugunduzi huo kwa mtafutaji dawa ni kubwa. Kama fundi ni bakteria, huhitaji tani ya mnyama. Unahitaji kipande cha ukubwa wa kucha, bakteria wake wakiwa hai, na uvumilivu wa kuwafuga, au angalau kusoma jeni zao. Na kama fundi ni bakteria anayeishi katika msongamano wa bakteria wengine, basi bahari haina haki ya kipekee. Penisilini ilitoka kwa kuvu. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya kweli ya kifua kikuu, ilitolewa mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo. Swali sahihi likawa: wapi kuna msongamano wa zamani, uliotengwa, ambao haujachunguzwa kwa jicho hilo?

Hapo ndipo ninapoifuata barabara kuelekea magharibi.

Mwaka 1858, baada ya kupita Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, Burton na Speke walifika Ujiji. Speke aliokota kombe ziwani, na mwaka uliofuata S. P. Woodward akazieleza London kuwa ni aina mpya. Mwaka 1880 Mjerumani Richard Böhm alikuja kwa njia hiyohiyo ya misafara na kuishi katika kituo cha utafiti kusini mwa Tabora, Kakoma na baadaye Igonda. Mwaka 1883 alifika Tanganyika na kuona kitu ambacho hakuna aliyekitarajia katika maji baridi: mtapwa, yule mnyama wa ute anayeelea baharini. Kombe zenye sura ya bahari, mtapwa wa ziwani. Wasomi wa Ulaya wakaanza kuamini kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki bara. Mtetezi mkuu wa wazo hilo alikuwa J. E. S. Moore, aliyeongoza safari mbili za ziwani mwishoni mwa karne ile na kuandika kitabu kizima juu ya fumbo hilo mwaka 1903. Katika sampuli zake mlikuwa na sponji, na mwaka 1899 Richard Evans aliwaeleza wawili wapya kwa sayansi: Spongilla moorei na Spongilla tanganyikae.

Wazo la bahari lilianguka. Safari ya W. A. Cunnington ya 1904 na 1905 ililitikisa, na jiolojia ikamaliza kazi. Ziwa hili ni mpasuko wa Bonde la Ufa uliojaa maji, wenye umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, na wanyama wake ni wa maji baridi kwa asili. Wamefanana na wa bahari kwa sababu ziwa lenyewe limekaa muda mrefu, ni kubwa, na lina miamba, mawimbi na maadui wa kutosha kuwafinyanga hivyo. Kwangu mimi jibu hili linavutia kuliko lile la Moore. Masalia ya bahari yangetupa jamii za bahari tunazozijua. Ziwa la kale lililojifungia linatupa kitu kilichobuniwa hapohapo.

Kina chake kinafika mita 1,470 hivi, lakini hewa ya oksijeni huishia mita 100 za juu upande wa kaskazini na karibu 200 upande wa kusini. Chini ya hapo hakuna mnyama wa aina ya sponji anayeweza kuishi. Kwa hiyo sponji wa Tanganyika wamejipanga kwenye ukanda mwembamba wa kingo, wakitandaa kama utando mgumu juu ya mawe, chini ya mawe na kwenye kombe tupu. Mtafiti hahitaji manowari. Anahitaji miwani ya kuzamia, kisu, na kijana wa Ujiji au Kibirizi anayejua mawe hayo kuliko ramani yoyote.

Kazi iliyokusanywa juu ya sponji hawa kwa zaidi ya karne moja ni hasa ya umbo, vijiti vyao vya silika, na sasa nasaba zao kwa DNA. Kemia ya wapangaji wao ndiyo ninayoitaka. Mfano wa kuiga uko Siberia, katika Ziwa Baikal, ziwa pekee linaloizidi Tanganyika kwa kina. Huko watafiti wa Irkutsk wamemchunguza sponji wa kijani Lubomirskia baicalensis na mwaka 2012 wakachapisha kwamba jumuiya ya bakteria wake imejaa jeni za aina inayotengeneza poliketidi, ukoo wa kemikali uliotupatia erithromaisini na tetrasaiklini. Jeni si dawa. Lakini ni dalili kwamba ziwa la kale la maji baridi linaweza kubeba ufundi tuliodhani ni wa miamba ya matumbawe.

Niseme pia upande wa pili. Sponji wa maji baridi kwa jumla hawajawa na utajiri wa kemikali uliothibitishwa kama wenzao wa bahari, na wengi wao hubeba bakteria wachache zaidi katika nyama zao. Anayekuja Kigoma akitarajia kurudi na kiuavijasumu ndani ya miaka mitatu atavunjika moyo. Na sponji wa Baikal wenyewe wamekuwa wakiugua na kufa kwa wingi katika miaka ya karibuni, jambo linaloonyesha kwamba akiba hii haisubiri.

Hapo Tabora inaingia tena, safari hii kwa maji. Mvua inayonyesha sehemu kubwa ya mkoa huo hufuata njia ya misafara kuelekea magharibi. Mto Igombe upande wa kaskazini na Ugalla upande wa kusini huingia Malagarasi, na Malagarasi humwagika Tanganyika karibu na Ilagala. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na tumbaku ya kukaushwa kwa moto imekula miyombo mingi ya Urambo, Kaliua na Sikonge. Ni kweli kwamba mabwawa na matete ya Malagarasi na Moyowosi huchuja tope jingi kabla halijafika ziwani, na kwamba udongo unaofunika miamba ya Kigoma hutoka zaidi kwenye miteremko iliyo karibu, iliyolimwa hadi juu. Utafiti wa miaka ya 1990 ulishaonyesha kwamba tope linapunguza aina za viumbe kwenye kingo za ziwa. Sponji ni miongoni mwa wa kwanza kuumia, kwa kuwa anakula kwa vitundu, na vitundu huziba. Ziwa lenyewe pia linapata joto. Anayetaka bakteria wa sponji lazima aanze na mti wa mlimani.

Na mti huo una wapangaji wake. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walitangaza formikamaisini, kundi la molekuli zinazoua Staphylococcus sugu kwa methisilini na Enterococcus sugu kwa vankomaisini. Mtengenezaji wake ni Streptomyces formicae, bakteria aliyetolewa kwa sisimizi, Tetraponera penzigi, wanaoishi ndani ya miba iliyovimba ya mgunga wa Kenya. Katika majaribio yao Staphylococcus hakujenga usugu kwa urahisi. Migunga ya jamii hiyo, pamoja na wadudu wake, iko pia katika mbuga za udongo mweusi za upande wetu. Huu ndio mfano wa Afrika Mashariki ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unarudia somo la Entotheonella nchi kavu: mdudu, mti, na bakteria wa kati yao.

Wanyamwezi hawahitaji kuambiwa kwamba msitu una dawa. Asali ya Tabora imepakwa vidondani kwa vizazi, na sayansi yake inaeleweka: maji kidogo, uchachu, na kimeng'enya cha nyuki kinachotoa haidrojeni peroksaidi asali inapochanganyika na unyevu wa kidonda. Lakini asali inayotumika hospitalini husafishwa kwa mionzi, kwa kuwa asali ghafi huweza kubeba mbegu za Clostridium. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, imefanya kazi kubwa ya kupima mimea ya waganga. Bakteria wa ndani ya mimea hiyo, na wa mizinga, ni shamba jingine ambalo ningeweka fedha yangu kabla ya kukamua mzizi mwingine.

Suala la fedha na haki halikwepeki. Miaka ya 1990 ilianza kuuzwa akabozi, dawa ya kisukari ya kampuni ya Bayer. Bakteria anayeitengeneza, Actinoplanes wa namba SE 50, alitoka Ruiru, Kenya. Mwaka 1992 zilichukuliwa sampuli za bakteria katika Ziwa Bogoria, na kimeng'enya kilichotoka humo kikaingia katika biashara ya kung'arisha nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai mgawo. Kwa mataifa yetu hadithi hizi mbili zinafunza jambo moja la kiutendaji: bakteria akishatoka nchini katika kichupa, hana haja ya kurudi. Huzaa huko aliko. Pembe ya ndovu ilikuwa lazima wapagazi waje kuifuata tena mwaka uliofuata.

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Tanzania imejiunga nayo, inataka ridhaa ya nchi kabla ya kuchukua rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida baada yake. Imeweka pia nafasi ya jamii zenye ujuzi wa asili. Katika miyombo nafasi hiyo ina mwenyewe: mganga anayeujua mti. Kwenye sponji wa Tanganyika hakuna mganga anayedai. Hatari yake ni kwamba kijiji cha wavuvi wa dagaa kinachotunza ukingo kitasahaulika kwenye mkataba, na kibali kitaishia Dar es Salaam. Napendekeza vikundi vya usimamizi wa mialo viwe sehemu ya mkataba kwa jina, tangu sampuli ya kwanza. Jambiani, Unguja, kina mama wamekuwa wakifuga sponji wa kuogea kwenye kamba tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na mtu anayeona faida ya mnyama huyu humlinda. Ziwani faida haitakuja haraka hivyo, kwa hiyo iandikwe.

Kuhusu maabara, sayansi yenyewe inatetea ukaribu. Bakteria wengi wa sponji huweza kufa mapema baada ya mnyama kutolewa majini. Sampuli iliyofungwa kwenye barafu na kusafirishwa Dar es Salaam, achilia mbali Ulaya, hufika na wale wagumu tu, ambao tayari tunawajua. Lazima wapandikizwe Kigoma, siku ileile. Tena kuna mbinu nafuu. Teixobaktini, kiuavijasumu kilichotangazwa mwaka 2015, ilipatikana kwa kuwafugia bakteria katika udongo wao wenyewe, ndani ya vyumba vidogo vilivyofunikwa kwa utando unaopitisha virutubisho. Bakteria waliokataa kuota kwenye sahani wakakubali kuota nyumbani. Sioni kwa nini vyumba vya namna hiyo visifungwe kwenye miamba ya Kigoma na kuachwa majini wiki kadhaa. Vinaweza kutengenezwa na fundi mzuri wa plastiki.

Kigoma kuna kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kinacholijua ziwa. Tabora kuna kituo cha NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambacho kwa miaka mingi kilishughulika na malale. Kati yao iko reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kinachokosekana ni friji za nyuzi 80 chini ya sifuri zenye umeme wa uhakika, na uamuzi wa kutunza mkusanyiko wa bakteria kama tunavyotunza mbegu: kila aina katika vituo viwili, yenye namba, mahali ilipotoka na mkataba wake. Mwombaji wa nje akitaka, apewe nakala. Asili ibaki.

Jambo la mwisho linahusu bakteria wa kupimia. Tafiti nyingi hutumia aina za kawaida zinazonunuliwa kutoka hazina za Marekani na Ulaya, zilizotolewa kwa wagonjwa miongo mingi iliyopita, na zinazokufa kwa dawa nyingi za kawaida. Ni sawa kwa kulinganisha. Lakini molekuli ya Tanganyika ipimwe pia, tangu juma la kwanza, kwa Klebsiella, E. coli na Staphylococcus waliotolewa kwa wagonjwa wa Kitete na wa Maweni, Kigoma, kwa ridhaa yao. Ili kuwapata, itabidi hospitali hizo mbili ziwe na uwezo wa kuotesha usaha na mkojo wa mgonjwa kila siku na kupima ni dawa ipi bado inafanya kazi. Uwezo huo utamfaa daktari wa zamu kesho asubuhi, hata kama sponji hawatatoa kitu.